Mjamzito kiziwi anakuja kliniki na wifi yake ndiye anayejibu: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya mkoani Tabora. Mwezi huu nimempokea mjamzito kiziwi, mimba yake ya kwanza, wiki 22. Anakuja na wifi yake, na huyo ndiye anayejibu kila ninachouliza. Nikiandika kwenye karatasi mama anaitikia kwa kichwa, ila moyoni sina hakika kama ameelewa. Hata kipimo cha VVU kimefanyika wifi akiwa amesimama palepale. Kituo hakina mkalimani, na mganga mfawidhi anasema nikiongea polepole atasoma midomo. Nianzie wapi, na siku ya kujifungua nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, nianze na hicho kichwa anachokuitikia.

Baba yangu ni kiziwi, na marehemu mama alikuwa kiziwi. Kazi ya ukalimani wa lugha ya alama nimeifanya miaka 19, mingi kati ya hiyo hospitalini. Mama aliitikia kwa kichwa mbele ya kila mtu anayesikia: mwenye duka, mwalimu wangu, daktari. Tukifika nyumbani nikimuuliza yule mtu amesema nini, ananijibu hajui. Mtoto kiziwi hukua akiona midomo ya ndugu zake inacheza na watu wanacheka. Akiuliza kuna nini, anaambiwa "baadaye", na hiyo baadaye haifiki. Anajifunza mapema kwamba kuuliza mara ya tatu kunawachosha watu na kukubali kunamaliza mambo. Basi mama huyo akiitikia, hesabu kwamba bado hujapata jibu. Usimuulize "umeelewa?" Mpe kitu cha kufanya mbele yako ili uone alichokielewa.

Niliwahi kuitwa kwa mama mmoja aliyepewa dawa kwenye bahasha iliyoandikwa 1×3. Alikuwa akimeza vidonge vitatu kwa mpigo asubuhi, kisha anasubiri hadi kesho yake. Aliyeandika hakukosea, maana wauguzi wote huandika hivyo, na mama naye hakuwa mzembe. Maelezo ya mdomo yaliyokwenda na ile bahasha ndiyo hayakumfikia. Tulichukua karatasi tukachora jua linachomoza, jua la utosini na mwezi, na pembeni ya kila mchoro kidonge kimoja. Nikamwagia vidonge mezani nikampa bahasha. Akavipanga mwenyewe, kimoja kimoja, halafu akanitazama kwa hasira. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa hili la midomo. Mwombe mganga mfawidhi asimame mbele ya kioo aseme bila sauti: baba, mama, papa. Yote matatu ni midomo ileile inayofunga na kufunguka. Kisha aseme dawa na nawa, halafu damu na tamu. Ulimi unagusa mahali pamoja, na kinachotofautisha ni sauti, ambayo kiziwi haipati. Herufi za k, g na h ziko nyuma kabisa kinywani, hazionekani. Ukisema polepole kupita kawaida ndiyo unaharibu zaidi, maana mdomo unatanuka na umbo la neno linapotea. Anayesoma midomo huchota maneno machache na mengine anayabuni kutokana na mazingira. Kumkisia mtu bei ya nyanya sokoni si neno. Kumkisia mkunga anayeuliza kama damu imetoka ni hatari. Na wakati wa Korona, barakoa zilipofunika nyuso za wahudumu, hata hayo maneno machache yakaondoka.

Karatasi inasaidia, lakini kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani. Watu hushangaa: amesoma, anaandika jina lake, iweje asielewe sentensi? Ni kwa sababu kwa kiziwi aliyekulia kwenye lugha ya alama, Kiswahili ni lugha ya pili aliyofundishwa bila kuisikia hata siku moja. Tazama neno kama "utakapotokwa". Mtendaji, wakati ujao, "po" ya wakati na kitenzi vimebanwa ndani ya neno moja. Lugha ya alama haijengwi hivyo. Wakati hutangulizwa, jambo linafuata, na swali linakaa usoni, kwenye nyusi. Ukiandika "Je, endapo utatokwa na damu utachukua hatua gani?" umemwandikia fumbo. Andika "Damu inatoka. Usiku. Wewe unakwenda wapi?" kisha chora.

Kuna na historia hapo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba kusema kwa mdomo ni bora kuliko alama, na uamuzi huo ukasambaa shule nyingi duniani. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa hukohuko kwenu Tabora mwaka 1963, na kwa miaka mingi katika shule zetu mkazo ulikuwa kumfundisha mtoto kutamka. Alama zilistawi bwenini, watoto wakifundishana wenyewe. Muda uliotumika kumlazimisha mtoto atoe sauti ya "ka" ulitolewa kwenye kusoma na kuandika. Ukikutana na mtu mzima aliyepitia huko, usimwone mzito wa kuelewa.

Kabla hujatafuta mkalimani, jua mama huyu ni kiziwi wa namna gani. Usimuulize wifi, muulize yeye. Kama alisoma shule ya viziwi, iwe Tabora, Buguruni, Mwanga au kwingine, karibu hakika anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, ingawa alama zake zitakuwa na lafudhi ya shule yake, kwa kuwa kila shule ilikuza za kwake. Mwandikie majina ya shule hizo na utaona macho yake yanavyobadilika ukifika kwenye ya kwake. Kama hakwenda shule kabisa, atakuwa na alama za nyumbani, zile zinazoeleweka na mama yake, dada zake na majirani wachache. Huyo ndiye mgumu kumhudumia na ndiye anayeachwa nyuma kuliko wote. Mkalimani aliyefuzu peke yake hatamtosha. Utahitaji mkalimani ambaye naye ni kiziwi, mwenye ustadi wa kujenga maana kwa ishara, picha na vitu halisi, akae na mkalimani anayesikia. Nimeona mkalimani kiziwi akimweleza mwanamke wa namna hiyo upasuaji wa kujifungua kwa kutumia embe na kisu, na yule mwanamke akauliza maswali matatu ambayo daktari alikiri ni ya maana.

Wapo pia waliopoteza usikivu wakiwa wakubwa: kwa homa ya uti wa mgongo, kwa masikio yaliyotoa usaha miaka nenda rudi, au kwa dawa kama streptomisini. Hao wanaongea kama mimi na wewe na wanasoma vizuri. Kwao karatasi inatosha, na midomo inawasaidia kwa sababu maneno wanayajua tayari. Wanachotaka ni chumba kisicho na kelele, uso wako uwe kwenye mwanga, na useme sentensi kamili badala ya neno mojamoja. Kama anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, kile ambacho walimu wengi hukiita shimesikio, usimpigie kelele, kwa kuwa kelele huingia ikiwa imekuzwa na kuvurugika. Ukirudia jambo mara mbili bila kueleweka, badilisha maneno.

Nirudi kwa wifi. Hapa niwie radhi, nitasema kwa uchungu.

Nilikuwa na miaka 9 mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu. Tulikwenda hospitali na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Muuguzi alimpima muda mrefu, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Kisha akainama akaniambia: "Mwambie mama yako mtoto amefia tumboni." Sikuwa na alama ya jambo lile, na hata ningekuwa nayo mikono yangu isingeinuka. Nikamwambia mama, mtoto amelala. Mama akatabasamu, akalipapasa tumbo. Ukweli aliujua siku iliyofuata, kitandani, alipouona kwa macho yake. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo hakuwahi kunilaumu. Lakini mpaka leo nikiona mtoto ameitwa chumba cha daktari amtafsirie mzazi wake, nasimama.

Wifi wa huyu mama si mtoto wa miaka 9, ila yumo katika shimo lilelile. Anafupisha. Anaona aibu. Ana maslahi yake katika ukoo. Swali la siri akiulizwa mama, wifi anajibu kile anachodhani, au kile ambacho familia ingependa kijibiwe. Nimewaona wanawake viziwi waliochomwa sindano ya uzazi wa mpango kwa miaka bila kujua ni sindano ya nini, kwa sababu ndugu alikubali kwa niaba yao. Nimemwona mmoja aliyepata majibu yake ya VVU mtaani, kutoka kwa jirani, kabla hayajamfikia mwenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa ya anayepimwa na siri ya majibu yake, na uziwi haukuondoa haki hiyo. Kwa hiyo ushauri nasaha wa huyu mama urudiwe, akiwa na mkalimani, bila wifi chumbani.

Usimfukuze wifi, ni mtu wa muhimu nyumbani na huenda ndiye atakayemsindikiza usiku wa uchungu. Mwambie utaratibu wa kituo ni kila mjamzito kuonana na muuguzi peke yake kwanza, kisha ndugu anaitwa. Uwe utaratibu wa kweli, kwa wajawazito wote, na hapo hapatakuwa na ugomvi.

Mkalimani utampata wapi? Anza na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, uulize tawi au wanachama walio karibu nawe. Zungumza pia na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Shule ya viziwi ina walimu wanaojua alama, lakini mwalimu si mkalimani, na huenda alimfundisha mama huyu akiwa mtoto. Je, atapenda mwalimu wake wa zamani ajue ana fangasi ukeni? Mpe majina achague mwenyewe, na wajawazito wengi hutaka mkalimani mwanamke. Viziwi wa wilaya moja wanajuana kama watu wa kijiji kimoja, ndiyo maana mkalimani asiyetunza siri ni msiba kwao.

Akifika, mkalimani akae au asimame karibu nawe, ubavuni kwako na nyuma kidogo, ili mama awaone nyote kwa mtazamo mmoja. Wewe mtazame mama. Mwambie "unaumwa wapi?" Usimwambie mkalimani "muulize anaumwa wapi". Mkalimani akisema "naumwa chini ya kitovu", huyo "mimi" ni mama anayesema. Yote yanayosemwa chumbani yatatafsiriwa, na yale unayomwambia mwenzako mlangoni pia, kwa hiyo yasemwe yakiwa ya kusemeka. Tenga muda mara mbili ya kawaida. Na usiongee huku umeinamisha kichwa ukijaza kadi: mama akikutazama wewe hamwoni mkalimani, na akimtazama mkalimani haoni unachoonyesha kwa kidole. Onyesha, subiri aangalie, ndipo useme.

Penye umbali, simu ya picha kwa WhatsApp imeniwezesha kutafsiri kwa mtu aliye mamia ya kilomita kutoka nilipo. Simu iegemezwe kitu imara, dirisha liwe mbele ya mama wala lisiwe mgongoni kwake, na bando lihakikishwe kabla. Katika leba simu ni akiba tu, usiitegemee.

Suala la malipo litakuja, na mara nyingi linaelekezwa kwa mgonjwa kimyakimya: "aje na mtu wake". Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama, na ya 25 inataka huduma za afya za kiwango kilekile wanachopata wengine, kwa ridhaa ya mtu mwenyewe. Ipo na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Peleka jambo hili kwenye kamati ya usimamizi wa kituo wakati wa kupanga bajeti, likiwa na tarehe za kliniki za mama huyu na makadirio ya nauli na posho ya mkalimani. Ombi lenye tarehe na kiasi lina nafasi kubwa ya kujadiliwa.

Na nyinyi wenyewe mjifunze? Ndiyo, mjifunze kutoka kwa kiziwi, alipwe kwa kazi hiyo. Alfabeti ya vidole mtaishika kwa jioni chache. Salamu, maumivu, damu, maji, njaa, subiri, pole, mtoto mzima: kwa hayo mama hatakaa wodini kama mzigo uliosahaulika. Lakini kwa ridhaa ya upasuaji, majibu ya vipimo na habari ya msiba, aitwe mkalimani. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Nairobi ilipata vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa VVU ambavyo washauri wake walikuwa viziwi wenyewe. Mteja anaingia, anakuta mtu wa lugha yake upande wa pili wa meza. Ningetamani kila mkoa wetu uwe na muuguzi kiziwi, au hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye ni kiziwi, na sioni kinachozuia hilo zaidi ya kutokuajiri.

Sasa siku ya kujifungua, na hapa ndipo nakuomba uwe makini kuliko pengine pote.

Muulize mapema anatumia mkono gani zaidi, na uandike kwenye kadi. Kanula, ile sindano ya dripu, iwekwe mkono mwingine. Nilimkuta mama leba mkono wa kulia umefungwa ubao na plasta kwa ajili ya dripu, anajaribu kusema kwa mkono wa kushoto huku uchungu unamkata, na wahudumu wanadhani anapunga hewa. Alikuwa anasema anahisi haja kubwa, kumbe kichwa cha mtoto kimeshuka. Kufunga mkono wa kiziwi ni kumziba mdomo.

Kaeni naye wiki za mwisho mkubaliane ishara sita au saba: sukuma, acha kusukuma, pumua, geuka, nakupima sasa, kila kitu kinaendelea vizuri, tatizo lipo daktari anakuja. Zichoreni pia kwenye kadi ngumu na zibaki kwenye faili lake, kwa sababu zamu itabadilika na wewe huenda hutakuwepo. Akilala chali magoti juu hakuoni wewe uliye miguuni, basi pawe na mtu kichwani kwake anayempa ishara, na hapa wifi au mama mzazi aliyefundishwa ishara hizo anafaa sana. Taa zisizimwe. Usimguse ghafla kutoka nyuma. Mguse bega, au pungia mahali macho yake yanapoona. Usimpime njia kabla hajakutazama na kukubali. Na akitoa sauti kubwa zisizo na maneno msimkaripie wala msimcheke, ndivyo sauti yake ilivyo.

Kuna na jambo la kabla ya hapo: atakujulisheje chupa ikipasuka saa nane usiku? Hawezi kupiga simu akasikia jibu. Mpe namba ya simu ya zamu inayopokea ujumbe mfupi, na mwandae ujumbe uliokwisha kuandikwa kwenye simu yake, abonyeze tu kutuma. Dalili za hatari zote ziwe kwa picha: damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Kwenye foleni ya kliniki msimwite jina mkategemea atasikia. Nimewaona waliokaa benchi tangu saa mbili asubuhi hadi wodi inafagiliwa. Mpe namba ya karatasi na mtu amfuate alipo.

Mtoto akizaliwa, kitanda chake kiwe upande ambao mama anakiona. Watu watamuuliza usiku atajuaje analia. Akina mama viziwi hulala na mtoto mwilini, na mtikisiko wa kwanza wa kifua chake unawaamsha. Watoto wengi wa viziwi huzaliwa wakisikia, na hata akizaliwa kiziwi ana mama mwenye lugha ya kumpa tangu siku ya kwanza, bahati ambayo watoto viziwi wengi hawana kwa kuwa wazazi wao wanasikia. Asiwepo wa kumwambia mtoto alelewe na bibi "ili ajue kuongea". Mimi nimelelewa na viziwi na ninaongea.

Na neno "bubu" liondoke kwenye kituo chenu, kwenye faili na midomoni. Ni kiziwi, au mtu mwenye usikivu hafifu, basi.

Kabla hajarudi, mtumie ujumbe mfupi kwa namba yake mwenyewe, si ya wifi: tarehe, saa, na kwamba mkalimani atakuwepo. Akifika, muulize jina lake la alama. Ni lile analoitwa na viziwi wenzake, pengine linatokana na kovu, kishimo cha shavu au tabia yake ya utotoni, na halimo kwenye kadi yoyote. Rudia mkononi mpaka akubali umelipata. La kwako atakupa yeye akipenda, usijitungie.